Injini na Mkono wa Mpishi

Asubuhi ile Injini alishindwa kupandisha mguu juu ya baiskeli yake mwenyewe.

Mkewe alimwona kupitia dirisha la jikoni. Alikuwa anakunja mashuka ya nyumba ya wageni, kazi anayokuja nayo nyumbani kila jioni na kuirudisha kila asubuhi, na macho yake yakatua uani kwa bahati tu. Mume alishika usukani, akainua mguu wa kulia, mguu ukafika nusu ya njia ukarudi chini. Akajaribu tena, ukarudi. Akatazama huku na huku kama mwizi wa kuku, kisha akaisogeza baiskeli mpaka mlangoni, akasimama juu ya kizingiti, na kutoka hapo akaipanda kama mtoto aliyeazima baiskeli ya mtu mzima.

Mke akaweka shuka chini, akatoka.

"Baba watoto, leo usiende."

"Nisiende vipi? Nimeshapanda."

"Nimeona ulivyopanda."

Injini akacheka kidogo, kicheko cha kuzuga. "Ubaridi tu huu. Mguu ukipata moto unakaa sawa."

"Jana ulisema ni viatu. Juzi ukasema kiti kimekaa juu. Kesho utasema ni nini, ni mimi nimekuroga?"

"Mama watoto, nikishuka hapa leo sitapanda tena. Mwili huu naujua mwenyewe. Ukiuonjesha kulala, unanogewa." Akakanyaga pedali, akatoka nje ya geti akiyumba kidogo, na jiwe lake la kunolea likigongana na vyuma vya stendi, ko, ko, ko, mpaka mlio ukapotelea mwisho wa mtaa.

Alikuwa mnoa visu. Baiskeli yake ilikuwa gari na ilikuwa mashine. Akifika kwa mteja aliishusha stendi ya chuma, gurudumu la nyuma likaning'inia hewani, akafunga mkanda kutoka kwenye gurudumu mpaka kwenye jiwe lililokaa mbele ya usukani, halafu akakaa palepale kwenye kiti na kuendelea kukanyaga pedali. Kwa hiyo miguu yake ilifanya kazi njiani, na ilipofika ilifanya kazi tena. Jina la Injini alipewa na vijana wenzake zamani, kwa sababu alikuwa anapanda kilima cha shule na mzigo wake wote bila kushuka. Sasa vijana wale walikuwa na vitambi na wajukuu, yeye alikuwa ameshavuka hamsini, na bado alikuwa hashuki.

Zamani alipumzika Jumapili. Kisha kijana mmoja akafungua kibanda sokoni, akaweka jiwe la umeme, na wauza nyama wote wakahamia kwake kwa sababu anamaliza kisu kabla hujamaliza kumsalimia. Injini akaanza kuwatafuta wateja mbali zaidi, kwenye nyumba mpya za ng'ambo ya kilima, kwenye mahoteli, kwenye shule. Jumapili ikaliwa nusu, kisha ikaliwa yote. Usiku alikuwa akipiga pedali usingizini, akirusha miguu chini ya shuka mpaka mkewe akahamia ukingoni mwa kitanda. Akiamka anakuwa amechoka kuliko alivyolala. Na hasira zilikuwa karibu. Wiki ile alikuwa amesusa chakula kwa sababu ya chumvi, mtu ambaye tangu waoane hakuwahi kuulizia chumvi.

Mke alisimama getini kwa muda, akarudi kwenye mashuka yake. Kazi haikumsubiri.

Kwenye jiko la shule walimpokea kwa furaha, kwa kuwa visu vilikuwa vimekuwa butu kiasi kwamba mpishi alisema anakata kabichi kwa kuitukana tu.

Mpishi huyu wanafunzi walimwita Mama Mwiko. Alikuwa mwanamke mrefu, rika moja na Injini, sauti nzito, mwenye mikono mikubwa inayojua kila kitu mahali kilipo. Alikuwa peke yake katika jiko lile lenye masufuria ya kuogea mtu, akisaidiwa tu na mlinzi wa geti siku ambazo mlinzi alijisikia. Mwalimu mkuu alikuwa ameshawahi kutamka, mbele yake, kwamba kuna kampuni inayoleta chakula kikiwa kimepikwa tayari, na tangu siku ile Mama Mwiko hakuwahi kuchelewa wala kuugua.

"Injini! Leo umekuja kama tairi lisilo na upepo," alimwambia. "Umekunywa chai?"

"Nitakunywa nikimaliza, dada."

"Kunywa kwanza."

"Nikimaliza."

Akaweka stendi chini ya kivuli cha jiko, akafunga mkanda, akaanza. Kisu cha kwanza kikapita vizuri. Cha pili pia. Cheche zilikuwa zikiruka mbele, na Mama Mwiko akaja na lile panga dogo la kukatia mifupa, akasimama palepale mbele ya jiwe akisubiri kumkabidhi. Injini alikuwa na sheria moja aliyoishika tangu anaanza kazi: hakuna mtu kusimama mbele. Mtoto akisogea, alimfukuza. Tajiri akisogea, alimwomba arudi nyuma, na asiporudi aliacha kukanyaga mpaka arudi. Siku ile alimwona Mama Mwiko amesimama mbele. Alimwona kabisa. Akafikiri, nitamwambia. Lakini kufungua mdomo kulikuwa ni kazi nyingine juu ya kazi, akaona bora amalize kwanza.

Ndipo mguu ulipokaza. Mkazo ulianzia kwenye kigimbi cha mguu wa kulia, kama mtu ameushika na kuusokota. Mwili mzima ukaruka. Kisu kikaingia kombo kwenye jiwe, jiwe likakinyakua na kukitupa. Mama Mwiko aliinua mkono kujikinga uso.

Hakupiga kelele. Aliutazama mkono wake, akautazama tena, kisha akasema kwa sauti ndogo ya kushangaa, "Maharage yangu yako motoni."

Kwenye zahanati daktari alimfunga mkono kuzuia damu, akampa rufaa ya hospitali kubwa siku hiyo hiyo. Mdogo wake Mama Mwiko, aliyekuja mbio akiwa amevaa kandambili zisizofanana, ndiye aliyeondoka naye. Walipita mbele ya benchi alilokaa Injini. Mama Mwiko hakumtazama. Mdogo wake alimtazama kwa niaba ya wote wawili.

Injini akabaki palepale, damu ya mtu mwingine imemkaukia kwenye shati. Daktari alipotoka kunawa akamkuta bado amekaa.

"Wewe unasubiri nini, mzee?"

"Sisubiri kitu. Najaribu kusimama."

Daktari akamtazama vizuri, akamwita ndani. Alimshika kifundo cha mkono akihesabu mapigo, akarudia, akamkunjia suruali na kumbonyeza miguu.

"Umekaa kwenye benchi muda wote ule na moyo bado unakimbia. Unaendesha baiskeli siku zipi?"

"Siku zote."

"Unapumzika lini?"

"Usiku."

"Na usiku unalala?"

Injini akaikunjua suruali yake. Daktari akamsubiri, kwa sababu alishawahi kuona kwamba watu wa aina hii hujibu wakiachwa.

"Nadhani silali," Injini akasema hatimaye.

"Sikiliza. Mguu haupati nguvu barabarani. Barabarani unatumika tu. Nguvu inarudi ukiwa umelala, ukiwa umekaa, ukiwa umekula. Ulipokuwa kijana, usiku mmoja ulitosha kuirudisha. Sasa hautoshi, ndiyo umri wenyewe, hata mimi umenifika. Wewe unachota kila siku na kisima hakijajaa."

"Kwa hiyo niache baiskeli?"

"Nimesema hivyo?"

"Ndiyo ninavyosikia."

"Unasikia unachokiogopa. Ukiacha kabisa, hiyo miguu itakuacha na wewe. Endesha. Lakini siku ukiendesha, inayofuata ikae. Na kwanza upumzike muda mzuri, mpaka uamke asubuhi hujachoka."

Injini akaitikia kwa kichwa kama mtu anayeelekezwa njia ya mji asiotegemea kwenda. Kichwani mwake alikuwa ameshaanza kupanga: ng'ambo ya kilima asubuhi, mahoteli mchana, na jioni mitaa ya juu, ili apate cha kumpelekea Mama Mwiko.

Walikwenda kumwona pamoja, yeye na mkewe, baada ya kusikia ameruhusiwa kurudi nyumbani. Mke alivaa gauni lake la kwendea kwa watu. Njiani hakusema neno ila moja: "Nitaanza mimi kuongea. Wewe utaharibu."

Mdogo mtu alifungua mlango, akawaangalia, akawaacha wasimame pale hadi sauti ya ndani iliposema, "Waache waingie, majirani wanatoa macho."

Chumba kilikuwa kimoja, kisafi, kitanda kimetandikwa kwa kukazwa. Mama Mwiko alikuwa kwenye kiti, mkono umefungwa bandeji nyeupe mpaka kwenye kiwiko na kupumzishwa juu ya mto. Hawakukaribishwa kukaa, kwa hiyo walisimama.

"Pole, dada yangu," mke akaanza. "Sina neno la kukutosha. Mume wangu amekukosea, na mimi nilijua mapema kwamba hakuwa mzima, nikamwacha aende. Kwa hiyo tumekukosea wote."

Mama Mwiko akamtazama. "Wewe hukunikata."

"Hapana."

"Basi acha kujibebesha. Yeye hana mdomo?"

Injini akasogea hatua moja. Kofia alikuwa ameishika kwa mikono miwili. "Dada, ulisimama mbele na mimi nikakuona. Ilibidi nikwambie urudi nyuma. Sikukwambia. Kosa ni langu, si la jiwe."

Mama Mwiko hakutarajia mtu aseme hivyo, na kwa sababu hakutarajia, akazidi kukasirika. Alikuwa amejiandaa kwa visingizio.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilichoka."

"Ulichoka!" Akamgeukia mdogo wake. "Umesikia? Alichoka. Kano za vidole viwili zimekatika kwa sababu bwana alichoka kusema 'sogea'."

"Nitakulipa, dada," Injini akasema haraka. "Nimeshapanga. Nitaongeza mitaa. Nitatoka mapema zaidi, nitarudi usiku, kila nitakachopata..."

Mkewe alifumba macho. Mama Mwiko naye alimwacha aseme, kisha akacheka, kicheko kikavu kilichomuumiza mkono, akaushika.

"Utaongeza mitaa. Kwa mguu ule ule? Unataka kumkata nani tena, maana mimi umeshanimaliza?"

Injini akainamisha kichwa. Mtoto alikuwa analia nyumba ya pili, mtu anambembeleza.

"Hela yako ya barabarani siitaki," Mama Mwiko akasema. "Mwalimu mkuu alikuja hapa jana. Ameleta maua. Ameniambia nisiwe na wasiwasi, nipumzike, na ile kampuni ya chakula imekubali kuanza hata wiki ijayo. Unaelewa? Wakishaingia hawatoki. Mimi nitarudi na mkono wangu mzuri nikute jiko limefungwa. Ninachotaka ni mikono. Nitasimama jikoni niseme, na mtu atende. Mdogo wangu ana kazi yake. Wewe utakuja."

"Mimi? Kupika?"

"Kupika nitapika mimi. Wewe utamenya, utakata, utateka maji, utabeba sufuria, utaosha. Kila siku mpaka mkono huu ufunguliwe. Mwalimu mkuu nitamwambia nimejiletea msaidizi, na yeye hatakataa kitu cha bure."

"Lakini, dada, na kazi yangu..."

"Atakuja," mke akasema. "Kesho asubuhi atakuwa hapo. Na atakuja kwa miguu."

Mlinzi wa geti ndiye aliyekuwa wa kwanza kumcheka. "Jamani, Injini imeingia gereji!" alipiga ukelele, akacheka mpaka akashika nguzo. Kufikia mapumziko ya saa nne, shule nzima ilikuwa imeshapita dirishani kumtazama mnoa visu akiwa na aproni yenye maua, amekaa kwenye kigoda, mbele yake gunia la viazi. Mwalimu mmoja kijana alimwamkia shikamoo kwa heshima zote, halafu alipogeuka mabega yakawa yanamtikisika.

Injini alikaza roho. Aibu kubwa zaidi haikuwa ya aproni. Alikuwa hajui kukata.

"Hiki ni nini?" Mama Mwiko alikuwa amesimama juu yake, mkono mmoja kwenye kitambaa kilichofungwa shingoni, mkono mzima umeshika mwiko.

"Kitunguu."

"Hiki ni kitunguu kilichogongwa na lori. Mtu umenoa visu maisha yako yote, hujui kisu kinaenda wapi?"

"Mimi naishia kwenye makali, dada. Mengine niliwaachia nyinyi."

"Kata upya. Na usilie, hujafiwa."

Alikata upya. Siku za kwanza alifikiri atarukwa na akili kwa kukaa. Miguu iliwashwa na uvivu, ikatikisika chini ya kigoda yenyewe. Alihesabu wateja anaowapoteza: ile hoteli ya kona, zile nyumba za ng'ambo, yule mama wa saluni mwenye mikasi mingi. Kila cheche iliyoruka motoni aliiona kama ya jiwe lake. Jioni alirudi nyumbani kwa mguu, polepole, na watu waliozoea kumwona akipita kama upepo walimsimamisha kumuuliza nani anaumwa.

Nyumbani walikuwa wamekaza mkanda. Mkewe alikuwa amechukua mashuka ya nyumba nyingine ya wageni, na pasi ilikuwa haipoi. Injini aliiona pasi hiyo, na kila alipoiona aliona mwanaume asiye na kazi.

Kwa hiyo siku moja, jiko lilipofungwa mapema kwa ajili ya kikao cha walimu, alifika nyumbani, akakuta hakuna mtu, akaitoa baiskeli. Safari fupi tu, alijiambia. Mitaa ya karibu. Lakini mitaa ya karibu ilikuwa ya yule kijana wa jiwe la umeme, na miguu ilionekana ina hamu, akajikuta anaelekea kilimani.

Mkewe, akiwa anarudi na furushi la mashuka kichwani, ndiye aliyemkuta. Mume alikuwa amekaa kwenye mtaro kando ya barabara, chini ya kile kilima, baiskeli imelala majanini. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu. Hakuwa ameanguka. Alikuwa ameshuka, akakaa, na kusimama kukamshinda.

Injini alitegemea kelele. Mke alitua furushi, akakaa kando yake mtaroni, akavua viatu, akanyoosha miguu yake mbele. Ilikuwa imevimba vifundoni.

"Umeiona?" akamuuliza.

"Nini?"

"Miguu yangu. Unaijua? Ni lini mara ya mwisho uliitazama?"

Injini akaitazama.

"Kila mtu ana habari na miguu yako," mke akasema. Sauti yake haikupanda, na hilo ndilo lililomtisha. "Daktari, mpishi, mlinzi wa geti. Mimi nasimama kwenye pasi tangu jua halijatoka, na nilichukua mashuka ya watu wengine ili wewe ukae. Nikikosa usingizi, nakosa ili wewe ulale. Halafu unaamka na kwenda kuutupa usingizi wangu huku kilimani. Mimi nitapumzika lini? Au mpaka na mimi nimchome mtu na pasi?"

Gari lilipita, likawarushia vumbi. Injini alifungua mdomo aseme kwamba alitaka kumsaidia, akauona uongo uliokuwa ndani yake. Hakuja kilimani kumsaidia mtu. Alikuja kuona kama bado ni Injini.

"Niliogopa," akasema.

"Najua uliogopa. Mimi pia naogopa. Sasa inuka taratibu."

Waliweka furushi kwenye kiti cha baiskeli, yeye akashika usukani, mke akashika mashuka yasidondoke, wakaisukuma mpaka nyumbani. Jioni ile Injini alipiga pasi. Alichoma foronya moja, na mkewe akalala tangu magharibi mpaka asubuhi, hakugeuka hata mara moja.

Baada ya hapo alikaa kweli. Jikoni aliacha kutikisa miguu. Alijifunza kuteka maji kwa ndoo mbili ndogo badala ya moja kubwa, kukata kabichi nyembamba, kutia kuni bila kuzima moto. Mama Mwiko alimsema kila siku na kwa kila kitu, lakini saa ya chakula alimpakulia kwanza, akamwambia ale akiwa amekaa, si huku anafanya kitu kingine. Wakati mwingine, wakingoja maharage, waliongea: habari za umri, za macho yanayohitaji mwanga zaidi, za usingizi unaokuja mchana na kukimbia usiku. Usiku wa Injini ulikuwa umetulia. Mkewe alirudi katikati ya kitanda. Na asubuhi moja aliamka, akakaa kwenye ukingo wa kitanda akisubiri uchovu ufike, haukufika. Akatoka uani akiwa na singlendi, akashika usukani, akainua mguu. Mguu ukavuka.

Akabaki juu ya baiskeli pale pale uani, hakuenda popote, akicheka peke yake.

Habari hiyo alitaka kumpelekea Mama Mwiko. Lakini ndiyo siku aliyokuwa anakwenda hospitali kubwa kufunguliwa bandeji, na aliporudi jikoni mchana alikuwa ameuacha mkono wake wazi, kovu jekundu limekatiza kiganja. Alichukua kisu mezani. Kidole gumba na viwili vilivyofuata vikakishika. Viwili vya mwisho vikabaki vimenyooka, vinatazama pembeni, kama vya mtu mwingine. Alipokandamiza kwenye kitunguu, kisu kikalala, kikadondoka.

Akakiokota. Kikadondoka tena.

"Wamesema nivifanyishe mazoezi," alisema. "Wamesema labda."

Injini alikuwa amesimama na ndoo zake mbili. Akazitua sakafuni. Aliona wazi, bila mtu kumwambia: mapumziko yale yaliyomrudishia miguu, aliyapata juu ya mkono huu. Yeye amepona. Yeye aliyekosa.

"Dada..."

"Usiniambie pole. Nimechoka kusikia pole."

Injini akakiokota kile kisu, akamalizia kukata kitunguu. Mwalimu mkuu alipokuja jioni kuuliza mambo yanaendaje, Mama Mwiko aliuficha mkono chini ya aproni na kusema yanaenda vizuri sana, msaidizi wake ataendelea kuja. Mwalimu mkuu akamgeukia Injini kuthibitisha. Injini akasema ndiyo, ataendelea. Alisema kabla hajafikiri, na alipofikiri njiani kuelekea nyumbani hakupata sababu ya kubadilisha.

Alirudi barabarani, lakini si kila siku. Siku moja alikwenda na baiskeli, siku inayofuata alikwenda jikoni kwa miguu. Nyumba za ng'ambo ya kilima aliziacha, zikachukuliwa na mtu mwenye pikipiki. Hoteli ya kona ilimsubiri, kwa kuwa mpishi wake hakupenda makali ya umeme. Kipato kilipungua na hakikurudi kama zamani. Kilima cha shule, akiwa na mzigo, alishuka katikati akasukuma, na vijana waliokaa pale walimzomea mara ya kwanza, mara ya pili wakazoea. Mkewe alirudisha mashuka ya ile nyumba ya pili. Jumapili walikaa wote wawili uani, wakiwa hawajui waongelee nini, kwa sababu kwa miaka mingi hawakuwahi kukaa wote wakati mmoja.

Vidole vya Mama Mwiko vilijikunja kidogo, vikaishia hapo. Alijifunza kukoroga kwa mkono wa kushoto. Kukata hakuweza.

Siku moja ya mvua, jiko limejaa moshi, Injini alikuwa kwenye kigoda na beseni la vitunguu. Walikuwa wamefanya kazi muda mrefu bila kusemezana, kama watu waliozoeana. Alidhani ni wakati mzuri.

"Dada, nataka kukuuliza kitu."

"Najua unachotaka kuuliza." Hakuacha kukoroga. "Sijakusamehe. Usije ukadhani kwa sababu nacheka na wewe, nakupakulia chakula, basi imekwisha. Nikiamka asubuhi kufunga vifungo vya gauni, nakukumbuka. Kila asubuhi."

"Sawa, dada."

"Siku nikikusamehe nitakwambia. Pengine sitakwambia kamwe."

"Sawa."

Mvua ikaongezeka juu ya bati. Injini alifuta macho kwa bega, akachukua kitunguu kingine. Mama Mwiko akachungulia ndani ya beseni.

"Kata vidogo zaidi," akasema. "Hivyo watoto wanavitupa."